Kantangaze au nondo wa viazi? Shajara ya kuwatambua nondo wadogo wa kijivu, Uyole, Mbeya

7 Septemba 2024: Swali na wanaoshukiwa

Shamba liko pembeni ya Uyole, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja nyanya za kumwagilia, upande wa pili viazi mviringo vya kinyungu (bustani ya bondeni yenye unyevu), na katikati kuna njia ya kupita mtu mmoja. Ukipita na tochi jua likishazama, nondo wadogo wa kijivu wanaruka kutoka pande zote mbili, na kila mtu huku anawaita kantangaze.

Tatizo ni kwamba viazi vya jirani vilivyokaa stoo vimetobolewa ndani, na kantangaze ni mdudu wa nyanya. Jirani ameshamaliza msimu akinyunyizia viazi dawa aliyouziwa kwa ajili ya nyanya, na viazi vimeendelea kutobolewa. Nataka kujua nani anatoboa. Nataka pia kujua kama mtu wa kawaida wa Mbeya anaweza kulijibu swali hilo mwenyewe kwa vifaa vya madukani, bila kusubiri maabara. Nitaandika kila hatua inapokamilika, na gharama zake, ili bwana shamba wa Kilolo au mwalimu wa Makete aweze kuifuata.

Wanaoshukiwa ni wanne. Wa kwanza ni kantangaze mwenyewe. Alipewa jina la kisayansi na Edward Meyrick mwaka 1917 kwa nondo aliyetoka Peru, akaonekana Hispania mwaka 2006, na Tanzania akathibitishwa mwaka 2014. Atakayemtafuta kwenye vijitabu ajiandae kukutana na majina mawili: *Tuta absoluta*, lililozoeleka tangu miaka ya 1990, na *Phthorimaea absoluta*, lililorudishwa mwaka 2021 baada ya Chang na Metz kuchambua upya ukoo wake. Mdudu ni yuleyule.

Wa pili ni nondo wa viazi, *Phthorimaea operculella*, naye asili yake Amerika ya Kusini. Kwa jina hilo jipya hawa wawili sasa wamo katika jenasi moja, na ukiwatazama unaona kwa nini. Wa tatu ni nondo wa kabichi, *Plutella xylostella*, na wa nne ni nondo wa nafaka, *Sitotroga cerealella*, anayetoka kwenye mahindi ya stoo. Hao wawili wa mwisho natarajia kuwatenga mapema. Kazi yote iko kwa wawili wa kwanza.

21 Septemba 2024: Taa na shuka

Nilianza kwa shuka jeupe lililotundikwa kwenye kamba, na mbele yake taa nyeupe ya sola. Walikuja kumbikumbi, mbu na nondo wakubwa wakubwa, lakini hawa wadogo hawakuja wa kutosha kufanyia kazi. Dawa yake ilikuwa taa ya zambarau ya kuhakikia noti, ile inayokaa kwenye kaunta za mawakala wa pesa. Nondo wengi huvutwa zaidi na miale ya zambarau kuliko mwanga mweupe wa taa za LED. Niliinunua mjini kwa TSh 12,000, na tangu usiku wa kwanza shuka lilijaa.

Nondo wa kabichi alijitenga mwenyewe. Akitua, mabawa yakikunjwa mgongoni yanaacha mstari wa madoa meupe yenye pembe, na vipapasio vyake anavinyoosha mbele moja kwa moja. Kantangaze na nondo wa viazi hulaza vyao nyuma. Kiwavi wake akiguswa kwenye jani la kabichi hujirusha kinyumenyume na kuning'inia kwa uzi. Ukishamwona akifanya hivyo huhitaji lenzi.

Nondo wa nafaka alinichelewesha kidogo, kwa sababu shuka lilikuwa karibu na stoo ya mahindi na walitoka huko kwa wingi. Rangi yake ni ya majani makavu, haina ukijivu, lakini magamba yakishapukutika rangi haikusaidii. Kinachosaidia ni bawa la nyuma: ncha yake imechongoka na kurefuka kama kidole. Ukiondoa bawa moja na kuliweka juu ya kioo, chini ya lenzi ya mkono inayokuza mara 10, umeshamaliza. Shuka nimelihamishia mbali na stoo.

Jambo moja kuhusu lebo. Nondo wa kwanza niliwatia kwenye vichupa vya spiriti ya duka la dawa, pamoja na vikaratasi vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino. Asubuhi wino ulikuwa umeyeyuka, na vichupa vyote vimekuwa vya buluu bila tarehe wala mahali. Nondo wasio na lebo hawana kazi katika mradi huu, kwa hiyo wametupwa. Lebo ndani ya spiriti huandikwa kwa penseli.

5 Oktoba 2024: Mtego wa harufu

Duka la pembejeo mjini linauza vivutio vya kantangaze, vile vipira vidogo vilivyotiwa harufu ya jike, TSh 6,000 kimoja. Vinavuta madume tu. Cha nondo wa viazi sikukipata katika maduka niliyopita. Nilitegemea hilo lisiwe tatizo kubwa, kwa sababu harufu za hawa wawili ni tofauti kikemia: ya kantangaze imejengwa juu ya mnyororo wa kaboni 14, ya nondo wa viazi juu ya kaboni 13. Kwa hiyo dume anayekuja kwa wingi kwenye kivutio hiki anatakiwa awe kantangaze. Anatakiwa, ila ushahidi wa macho bado.

Mtego wa kwanza nilikata dumu la mafuta la lita tano, kivutio nikakining'iniza ndani, na sakafu nikaipaka gundi ya panya (TSh 3,000). Madume walinasa sana. Lakini gundi ya panya ni nzito na inapanda. Ilifunika mabawa, ikameza vipapasio, na kila nilipojaribu kumbandua nondo alibaki nusu. Mafuta ya taa yanalainisha gundi, lakini yanaondoka na magamba yote. Kwa anayetaka kuhesabu tu, gundi inatosha. Kwa anayetaka kutambua, haifai.

Mtego wa maji ndio uliofanya kazi: beseni la TSh 4,000, maji, na tone la sabuni ya maji ili nondo azame badala ya kuelea na kujipigapiga. Kivutio kinaning'inia sentimita chache juu ya maji kwa waya. Nimeweka mabeseni mawili, moja kwenye nyanya na moja kwenye viazi. Ni lazima kukusanya alfajiri na kuwahamishia kwenye spiriti mara moja, kwa sababu wakishinda kutwa nzima wanaoza na tumbo linapasuka. Tumbo ndilo tutakalolihitaji kuliko kitu kingine chochote.

19 Oktoba 2024: Kufuga viwavi, na ukungu

Nondo aliyenaswa hakuambii alikula nini. Kiwavi unayemtoa ndani ya kiazi na kumfuga mpaka aruke anakuambia. Kwa hiyo nimeanza kufuga makundi matatu yasiyochanganyika: kutoka majani ya nyanya, kutoka majani ya viazi, na kutoka ndani ya viazi vyenyewe.

Kwenye majani, kwanza mtenge nzi mchimbaji majani wa jenasi *Liriomyza*. Njia yake ndani ya jani ni mstari mwembamba unaopindapinda, na ukiupasua unakuta funza asiye na miguu wala kichwa kinachoonekana. Kantangaze na nondo wa viazi huchimba doa pana linalogeuka kahawia, na ndani yake kuna kiwavi mwenye kichwa kigumu na miguu. Mama mmoja anayelima nyanya karibu na mfereji alinionyesha majani yaliyojaa mistari akiamini ni kantangaze. Ilikuwa ni nzi.

Kwenye viazi, tafuta kinyesi cheusi chenye nyuzi kilichorundikana kwenye jicho la kiazi. Hapo ndipo kiwavi alipoingilia.

Makopo ya siagi yenye vifuniko vyake yalishindikana. Majani yanatoa unyevu, usiku wa Uyole una baridi, mvuke unageuka matone ya maji ndani ya kifuniko na kudondoka, na kabla wiki haijaisha kila kopo lina ukungu mweupe. Viwavi wa majani walikufa karibu wote. Wa viazi walivumilia zaidi, kwa sababu wamo ndani ya chakula chao.

Marekebisho yaliyofaulu: nimekata kifuniko katikati na kubandika kitambaa cha neti nzito, nimetandika karatasi ya chooni chini na kuibadilisha kila inapolowa, na jani jipya linaingia shina lake likiwa limezungushiwa pamba yenye maji, badala ya kunyunyizia kopo zima. Kwa viazi, chini ya kopo kuna mchanga mkavu uliochekechwa. Kiwavi wa nondo wa viazi akikomaa hutoka kwenye kiazi na kujisokotea nyumba ya hariri inayoshika chembe za mchanga, na bila mchanga anazungukazunguka kopo mpaka anachoka. Makopo yanalala ndani ya boksi lililofunikwa blanketi, jikoni, ambako kuna joto kidogo. Katika joto la nyuzi 25 kizazi kizima hukamilika kwa mwezi mmoja hivi. Kwa baridi yetu ni lazima kusubiri zaidi.

9 Novemba 2024: Ngao nyuma ya kichwa

Huu ndio ugunduzi ninaoutaka ufike kwa wakulima, hata wasiposoma kingine chochote katika shajara hii.

Nyuma tu ya kichwa cha kiwavi, juu ya shingo, kuna kibamba kigumu. Kwa nondo wa viazi kibamba hicho ni cheusi au kahawia iliyoiva, chote. Kwa kantangaze kibamba ni cha rangi hafifu kama mwili wenyewe, ila ukingo wake wa nyuma una utepe mwembamba mweusi. Kiwavi akiwa amekomaa, lenzi ya mkono inatosha. Mtoe kwenye jani, mlaze kwenye karatasi nyeupe, mshikilie taratibu kwa brashi laini, mtazame kwa mwanga wa jua.

Rangi ya mwili haifai kabisa kutegemewa. Wote wawili huanza weupe, hugeuka kijani kutokana na jani linaloonekana tumboni, na wakikaribia kukomaa hupata wekundu wa waridi. Ukubwa unasaidia mwishoni tu: kantangaze aliyekomaa hupita kidogo milimita 7, nondo wa viazi huweza kufika 12 au zaidi. Lakini nondo wa viazi mchanga naye alipitia milimita 7.

Kikwazo kilikuwa viwavi wadogo sana, wale waliotoka yai karibuni. Kwao utepe hauonekani kwa lenzi ya mara 10, na kichwa cheusi kinatia giza kila kitu kilicho nyuma yake. Nilijaribu lenzi ya kubana kwenye simu (TSh 15,000), na picha zilikuwa na ukungu kwa sababu mkono unatetemeka. Suluhisho: simu inalala juu ya vikombe viwili vilivyogeuzwa, kiwavi anakaa kwenye kipande cha kioo kati ya vikombe hivyo, na picha inapigwa kwa kuhesabu sekunde badala ya kugusa skrini. Hata hivyo mdogo kabisa ni bora kumwacha akue. Hakuna haraka inayozidi uhakika.

Baada ya kupata njia hii nilirudi kwenye makundi yote matatu. Ndani ya viazi, kila kiwavi ana ngao nyeusi nzima. Kwenye majani ya nyanya karibu wote wana utepe mwembamba. Kwenye majani ya viazi wamo wa aina zote mbili, wakati mwingine kwenye shina moja.

30 Novemba 2024: Wameruka

Nondo wa kwanza wametoka. Kutoka baadhi ya viwavi wa viazi hawakutoka nondo bali nyigu wadogo mno, wengi kutoka kiwavi mmoja aliyekauka na kuvimba. Nimewahifadhi kwenye spiriti na lebo yao. Ni maadui wa mdudu tunayemtafuta, na anayenyunyizia dawa ovyo anawaua na hao pia.

Nondo waliofugwa wana magamba kamili, kwa hiyo sasa ndipo mabawa yanaweza kulinganishwa kwa haki. Wanalala usiku mmoja kwenye friza, kisha wanapigwa picha juu ya karatasi ya grafu. Kantangaze: upana wa mabawa yakifunuliwa ni milimita 10 hivi, rangi ya kijivu chenye fedha, na vidoa vyeusi. Nondo wa viazi: milimita 12 hadi 16, kijivu kinachoelekea kahawia ya majani makavu. Dume ana vidoa viwili au vitatu vyeusi vilivyopangana, jike ana alama ya giza inayokaribia herufi X mabawa yakikunjwa. Wote wawili wana vipapasio vya mdomo virefu vilivyopinda kwenda juu mbele ya uso, na pindo refu la nywele kwenye bawa la nyuma. Hivyo ndivyo walivyo wengi wa familia yao, Gelechiidae.

Ukiwa na nondo safi aliyefugwa, mezani, tofauti ipo. Lakini nilichukua wale wa mtego wa maji nikawaweka karibu nao, na tofauti ikapotea. Fedha imeoshwa, vidoa havipo, na kilichobaki ni nondo wa kijivu. Ukubwa nao ulinidanganya: viazi viwili vilivyosinyaa kopo likiwa na viwavi wengi vilitoa nondo wa viazi wadogo kiasi kwamba wangepita kwa kantangaze wakubwa. Kwa hiyo mtu akikuletea picha ya simu ya nondo wa mtegoni na kukuuliza ni yupi, jibu la kweli ni kwamba mabawa hayo hayatoshi.

Kuwachoma kwa pini kulishindikana. Pini za wadudu wadogo hazipatikani huku, na sindano ya insulini, ingawa ndiyo nyembamba kuliko zote za duka la dawa (TSh 500), bado inapasua kifua cha mdudu wa ukubwa huu. Sasa kila nondo anakaa kwenye bahasha ndogo ya karatasi ya kuokea, mabawa ya upande mmoja yamebandikwa kati ya vioo viwili, na namba moja inaunganisha vyote. Sindano za insulini zimepata kazi nyingine, inayofuata hapa chini.

4 Januari 2025: Kostiki

Palipobaki pa kutazama ni ncha ya tumbo la dume. Viungo vya uzazi vya nondo ni vigumu, havipotezi umbo kwa maji wala spiriti, na kila spishi ina vya kwake. Wataalamu hutumia haidroksidi ya potasiamu kuyeyusha nyama na mafuta ili libaki gamba peke yake. Haipo madukani, lakini kostiki soda ya watengeneza sabuni, ambayo ni haidroksidi ya sodiamu, inafanya kazi ileile. Nusu kilo ni TSh 3,000 na itatosha miaka.

Kabla ya yote: kostiki inachoma ngozi na kupofusha macho. Glavu na miwani (TSh 7,000 kwa vyote), mlango wazi, watoto mbali. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji kidogo kidogo, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki. Gramu 10 kwa mililita 100 za maji. Chombo kiwe cha kioo. Sufuria ya aluminiamu inaliwa na kostiki na kutoa gesi inayowaka.

Jaribio la kuchemsha kichupa moja kwa moja juu ya jiko la mkaa lilikuwa baya. Maji ya kostiki yaliruka juu ghafla na kumwagika, na tumbo lililobaki ndani lilikuwa matambara. Asifanye mtu hivyo. Kuna njia mbili salama. Ya kwanza, kichupa kinasimama ndani ya bakuli la maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, kwa dakika 15 au 20, mpaka tumbo liwe angavu. Ya pili, ninayoipendelea, ni kuliacha kwenye kostiki baridi usiku kucha. Ni ya polepole, na mpaka sasa haijaniharibia hata sampuli moja.

Asubuhi tumbo linasuuzwa kwa maji, magamba yanafagiliwa kwa brashi iliyopunguzwa nywele, na kwa sindano mbili za insulini ncha inasukumwa mpaka viungo vitoke. Vinahamia kwenye tone la gliserini (TSh 2,500 duka la dawa) juu ya slaidi.

Hapa kuna vikwazo viwili vilivyonichukua muda mrefu. Hadubini ya shule niliyoazimwa na mwalimu wa baolojia inageuza picha: ukisukuma sindano kulia, kwenye lenzi inaenda kushoto. Kupasua chini yake ni kuharibu. Sasa napasua chini ya lenzi ya mkono iliyofungwa kwenye kipande cha waya juu ya meza, na hadubini natumia kutazama tu, kwa kukuza mara 40.

Kikwazo cha pili ni kikubwa zaidi, kwa sababu kinatoa jibu la uongo. Kantangaze dume ana mikono miwili ya kumshikia jike, yenye umbo la kidole na nywele nene kwenye ncha. Katikati ya ukingo wa ndani wa kila mkono kuna jino lililojitokeza wazi. Kwa nondo wa viazi mkono ni mwembamba zaidi, na jino hilo halipo. Lakini viungo vikilala ubavu, mkono mmoja unafunika mwingine, jino linajificha, na kantangaze halali anaonekana hana. Sampuli za mwanzo za mtego wa nyanya zilinipa "nondo wa viazi" kadhaa ambao sikuwaamini. Nilivilaza upya chali, nikafungua mikono kwa sindano mbili mpaka ikatanuka pande zote, na jino likaonekana kwa kila mmoja.

Kioo kifuniko nacho kinabana na kupinda kila kitu. Vunja kifuniko kimoja, weka vipande vyake kwenye pembe nne za tone, kisha funika juu yake. Viungo vinabaki na unene wake.

Majike ni suala jingine. Sehemu zao ni angavu mno na zinahitaji rangi. Nilijaribu dawa ya GV, ikakolea kila kitu hadi visionekane. Madume hawahitaji rangi yoyote, kwa sababu sehemu zao ngumu zina ukahawia wa asili. Kwa sasa jike anatambuliwa kwa kufugwa tu: ngao ya kiwavi wake imeandikwa kwenye lebo kabla hajawa pupa, ile hatua ya kati ya kiwavi na nondo.

25 Januari 2025: Majibu, na gharama

Nimeanza na waliofugwa, kwa sababu hao najua walikotoka. Kila dume aliyetoka kwenye kiwavi wa ngao nyeusi hana jino. Kila dume aliyetoka kwenye kiwavi wa utepe mwembamba analo. Ngao na jino zimekubaliana bila hata mmoja kwenda kinyume, na hilo ndilo lililonipa moyo wa kuiamini ngao shambani bila kupasua mtu.

Kisha mitego. Beseni la kwenye nyanya: kantangaze. Beseni la kwenye viazi: kantangaze vilevile! Hapo ndipo penye hatari ya kusoma vibaya. Kivutio kile kinaita madume wa kantangaze kutoka shamba lote, wakivuka njia ya mtu mmoja bila shida, na wengine wamekulia kwenye majani ya viazi kweli. Mtu akikuta beseni lake la viazi limejaa, atasema mtoboaji amepatikana. Lakini ndani ya viazi hakuna hata kiwavi mmoja mwenye utepe. Mtego unakuambia nani ameitika harufu. Nani ametoboa kiazi utamjua kwa kukipasua kiazi.

Nilimpelekea jirani picha na kiazi kilichopasuliwa, na kiwavi akiwa bado ndani. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Alitazama kwa lenzi muda mrefu, upande wa jua. "Kwa hiyo dawa haikuwa mbovu," akasema. "Mdudu hakuwa wake."

Yanayomzuia nondo wa viazi ni mambo ya jembe zaidi kuliko ya pampu. Nondo hutaga kwenye viazi vilivyochungulia nje au kupitia nyufa za udongo, kwa hiyo tuta lipandishiwe udongo vizuri na nyufa zifungwe. Viazi vikishavunwa visilale shambani, na visifunikwe kwa majani yake yaliyong'olewa, maana viwavi walio kwenye majani hayo hushuka na kuingia. Vilivyotobolewa vitengwe kabla ya stoo, maana humo ndani mdudu anaendelea kuzaana. Jirani amepandisha matuta yake msimu huu.

Gharama mpaka leo: taa ya noti 12,000, lenzi ya simu 15,000, lenzi ya mkono 10,000, vivutio viwili 12,000, gundi ya panya 3,000, mabeseni mawili 8,000, spiriti 3,500, gliserini 2,500, kostiki 3,000, sindano nne 2,000, glavu na miwani 7,000. Jumla TSh 78,000, hadubini ikiwa ya kuazima. Anayetaka kutambua viwavi peke yao anahitaji lenzi ya mkono tu.

15 Februari 2025: Nje ya Uyole

Nondo wa viazi hupenda pia tumbaku, nayo inalimwa Chunya. Ndugu aliyekuwa huko alinirudia na majani yenye madoa mapana, viwavi wakiwa hai ndani. Ngao nyeusi nzima. Mmoja aliyeruka akiwa dume amepita kwenye kostiki: jino hakuna.

Kutoka Ilula nimepata nyanya zilizotobolewa karibu na kikonyo, zilizokuwa zimetupwa pembeni ya matenga barabarani. Viwavi wake wana utepe mwembamba, na sasa ni pupa ndani ya mchanga. Wakiruka nitaongeza ingizo.

Bado nahitaji viwavi wa viazi kutoka Njombe, Makete na miinuko ya Umalila, hasa wa kwenye majani, kwa sababu hapo ndipo spishi zote mbili zinapokutana. Atakayekusanya aweke viwavi wa mmea mmoja kwenye chombo kimoja, chenye kifuniko cha neti na karatasi kavu chini. Aandike kwa penseli: kijiji, mwinuko kama simu inauonyesha, mmea, sehemu ya mmea, tarehe, na ngao ilikuwa nyeusi nzima au ya utepe. Walio kwenye majani na walio ndani ya kiazi wasichanganywe, hata kama wametoka shina moja.